Nafasi ya kupaki kwa anayetumia kiti mwendo hapa Mbeya: karatasi, barua, na mita 1.2 za mlango

Mlango wa gari ukifunguka nusu, baba hashuki. Naanza na hilo maana watu wengi wanaoniuliza habari za kibali cha paking kwa mtu mwenye ulemavu wanafikiri shida ni umbali, yani ukishapaki karibu na mlango wa kuingilia basi imeisha. Umbali nao upo, ila kwa anayetumia kiti mwendo, au wilichea kama wengi tunavyoita, shida kubwa ni upana. Gari yetu ni Toyota IST, ina kama mita 1.7 kwa upana, na nafasi ya kawaida ya kupaki huwa inachorwa mita 2.4 au 2.5. Toa hapo uone, zinabaki sentimita 70 au 80, na hizo ni za pande zote mbili. Kiti cha baba gurudumu hadi gurudumu ni sentimita 64. Sasa mtu akija akapaki ubavuni kwako wakati uko ndani unahudumiwa, mzee mtampitishia wapi?

Baba alikatwa mguu wa kushoto juu ya goti kwa sababu ya sukari, na tangu hapo mimi ndo dereva wake. Kliniki pale Hospitali ya Rufaa, benki siku ya pensheni, kanisani, na soko la Mwanjelwa maana mbegu za maharage lazma achague kwa mkono wake. Haya nnayoandika ndo tuliyopitia mpaka sasa hivi tunatoka nyumbani bila hofu. Yanamfaa pia mwenye mama aliyepata kiharusi, anayetembelea magongo, mwenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye ameshakuwa mzito wa kubeba, na hata wewe mwenyewe unayeendesha na una ulemavu.

Jambo moja uliweke akilini kabla hujaanza kuzunguka maofisini. Usiende ukitegemea kuna dirisha moja unaingia na fomu unatoka na kadi kama wanavyofanya wenzetu Uingereza. Tulichofanya sisi ni kujenga kitu chenye nguvu ileile kwa vipande: cheti cha daktari, barua ya mtaa, Ustawi wa Jamii, kadi ya kwenye kioo, na barua kwa kila mwenye eneo tunalopaki mara kwa mara. Kila kipande kina kazi yake na kimoja peke yake hakikufikishi mbali.

HATUA YA 1: PIMA KWANZA

Chukua futi ya fundi, mpakie mgonjwa, nenda uwanja wa wazi usio na haraka, fungua mlango wote kabisa, weka kiti pale kinapokaa akiwa anashuka, halafu pima kutoka ubavu wa gari mpaka ukingo wa nje wa kiti. Ongeza na hatua moja ya wewe unayesaidia kusimama. Sisi ilitoka mita 1.2 na kidogo. Baadae nikaja kugundua ndo kipimo chenyewe kinachotumika Uingereza, nafasi ya mita 2.4 na mstari wa pembeni wa mita 1.2, jumla 3.6. Marekani wanaenda futi 8 za gari na futi 5 za pembeni. Nafasi mbili zikiwa jirani zinaweza kutumia mstari mmoja wa katikati, hiyo iseme ukikutana na mtu wa eneo anayelalamika kwamba unamla nafasi.

Namba hizi ziandike kwenye karatasi. Ukienda kwa meneja ukasema "tunaomba nafasi kubwa kidogo" anakuitikia vizuri na hakuna kinachofanyika. Ukisema mita 3.6 anamuita fundi.

Na ushukaji wetu uko hivi, naueleza kwa urefu maana ndo sababu ya yote haya. Gari imezimwa, hendibreki juu, gia iko kwenye P. Nakileta kiti mshazari kidogo ubavuni kwa siti ya mbele, nafunga breki zote mbili za magurudumu, nakigusa kwa goti kuona kama kinateleza. Sehemu ya kukanyagia naikunja pembeni. Naweka ubao, upande mmoja unaingia chini ya paja lake na mwingine unakaa juu ya kiti. Ule ubao ni paini ya Sao Hill, seremala alitupigia urefu wa sentimita 75 na upana wa 22, akaupiga msasa mpaka ukawa laini kama bakuli, akapaka vanishi, hakuna msumari hata mmoja. Baba anaweka mkono wa kulia kwenye siti, wa kushoto kwenye ubao, anainama mbele kidogo, halafu anajisogeza mara tatu, sio mara moja. Mimi nashika mkanda wa kiunoni, sio mkono wala kwapa, ukimvuta mtu mzima kwa kwapa unamuumiza bega na bega ndo mguu wake sasa. Akishakaa vizuri anasema "ndaga", yani asante kwa Kinyakyusa, hapo ndo nafunga mlango. Dakika nne hivi. Kwa dakika hizo nne ile mita ya pembeni ni yake, mtu akiingiza bodaboda pale inabidi turudi nyuma tuanze upya na mzee akiwa ananing'inia kwenye ubao.

HATUA YA 2: CHETI CHA DAKTARI

Omba kwa daktari anayemfahamu mgonjwa, siku ya kliniki, sio siku ya dharura. Kosa kubwa ni kutoka na karatasi yenye jina la ugonjwa tu. Mlinzi wa getini au karani wa ofisi hajui kisukari kina uhusiano gani na paking. Mwombe daktari kwa heshima aandike mwili unaweza nini na hauwezi nini: hatembei bila kiti mwendo, au anatembea hatua chache kwa magongo halafu lazma akae, anahitaji mlango wa gari kufunguka wote, anahitaji msaidizi. Aandike kama hali ni ya kudumu au ya muda, na kama ya muda ni mpaka lini.

Waliovunjika mguu wasijione wanadanganya wakiomba. Miezi mitatu ya magongo ni ulemavu wa miezi mitatu, omba kwa hiyo miezi mitatu halafu rudisha nafasi ya watu.

Na kuna wale ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho, moyo, mapafu, kifafa, hawa ndo wanaoteseka zaidi maana wakishuka wamesimama wima kila mtu anawatolea macho. Uingereza walikuja kubadilisha taratibu zao mwaka 2019 ili hata wenye ulemavu usioonekana wapate kadi. Kwa hiyo kama mama yako anapumua kwa shida akitembea kutoka getini mpaka mapokezi, cheti chake kieleze hivyo na msione aibu.

Ukishapata, piga kopi tano. Orijino isitoke nyumbani tena.

HATUA YA 3: MTAA, HALAFU USTAWI WA JAMII

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, beba kopi ya cheti, kitambulisho cha NIDA cha mgonjwa, paspoti saizi mbili. Unachotaka ni barua ya utambulisho inayosema huyu ni mkazi wetu, ana ulemavu, na huyu ndo msaidizi wake. Kama wasaidizi mko wawili majina yote yaandikwe, mimi nilisahau jina la mdogo wangu nikalazimika kurudi.

Ukiwa hapo ulizia kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010, inataka kamati hizo ziwepo kuanzia mtaani na kijijini kwenda juu mpaka mkoa. Kama kwenu iko hai, mwone mwenyekiti wake, ana sauti ambayo wewe mmoja huna.

Kisha nenda ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri, kwa hapa ni Jiji, kwa Iringa mjini ni Manispaa, kama uko Rungwe au Mbarali ni halmashauri yako ya wilaya. Omba vitu viwili. Kwanza mgonjwa aandikwe kwenye daftari lao la watu wenye ulemavu, hii itamsaidia kwa mambo mengi zaidi ya paking, ikiwemo ile asilimia 2 ya mikopo ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu. Pili, barua yenye mhuri inayomtambulisha kwa "yeyote anayehusika" kwamba anahitaji nafasi ya maegesho iliyo karibu na pana. Hiyo barua ya pili ndo utakayoitumia kuliko zote. Afisa aliyetuhudumia hakuwahi kuombwa barua ya namna hiyo, nikamwonyesha vipimo na cheti, akaiandika palepale. Kwa hiyo usiende mikono mitupu ukangoja wakubunie, nenda na maneno umeshaandaa.

Kama mgonjwa anaweza, ajiunge na chama chake pia. CHAWATA kwa wenye ulemavu wa viungo, TLB kwa wasioona, CHAVITA kwa viziwi, TAS kwa wenye ualbino, na vyote hivyo viko chini ya shirikisho la SHIVYAWATA. Ombi la chama linafika mezani haraka kuliko la mtu mmoja mmoja, hii nimeiona mwenyewe.

HATUA YA 4: KADI YA KWENYE KIOO

Hii tumetengeneza stashenari. Karatasi ngumu ya bluu, katikati ile alama nyeupe ya mtu kwenye kiti cha magurudumu, chini maneno makubwa: GARI HII IMEBEBA MTU MWENYE ULEMAVU, TAFADHALI ACHA MITA 1.2 UPANDE WA KUSHOTO. Ile alama ilichorwa mwaka 1968 na mwanafunzi mmoja wa Denmark, Susanne Koefoed, na leo inaeleweka mahali pengi kwa hiyo usibuni ya kwako.

Upande wa nyuma weka picha ya mgonjwa, jina, na kumbukumbu namba ya ile barua ya Ustawi. Upande wa mbele usiweke jina, usiweke namba ya simu ya mgonjwa, usiweke namba ya NIDA. Gari inakaa masaa mawili pale, kila apitaye anasoma, na unamtangaza mtu asiyeweza kukimbia. Hata kadi za Uingereza picha inakaa upande usioonekana nje. Piga laminesheni maana unyevu wa huku masika unakunja karatasi kama jani la mgomba.

Usiweke nembo ya taifa wala mhuri wa kuiga. Kadi hii inaeleza tu, nguvu iko kwenye barua uliyoitunza kwenye dashibodi. Na hata ndugu yako akikuletea kadi ya nje, ile ni ya mtu aliyeandikwa kule na kwa barabara za kule, huku haimlazimishi mtu kitu.

HATUA YA 5: BARUA KWA MWENYE ENEO

Hapa ndo nafasi yenyewe inapatikana. Andika orodha ya sehemu mnazokwenda zaidi ya mara moja kwa mwezi. Sisi zilitoka nne tu. Kila moja ina mwenyewe: eneo la ndani ya geti ni la taasisi, barabara za mitaa zipo chini ya TARURA, barabara kuu kama hii ya kwenda Tunduma ni ya TANROADS. Ukimwandikia asiye mwenye eneo unapoteza mwezi.

Kabla ya barua nenda ukaangalie mwenyewe na uchague nafasi unayoitaka. Tafuta ya mwisho kwenye mstari, yenye ukuta au ua au njia ya miguu pembeni, maana pale upana upo tayari na hakuna anayepoteza kitu. Angalia kama ni tambarare. Angalia kutoka hapo mpaka mlangoni kuna ngazi ngapi, nafasi nzuri iliyo mbele ya ngazi sita haina maana ukiilinganisha na ya mbali kidogo yenye njia ya mteremko, na ule mteremko kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele, ukiwa mkali zaidi ya hapo kiti kinakushinda na akiwa peke yake hapandi.

Barua yangu ilikuwa hivi, chukua ubadilishe:

"YAH: OMBI LA NAFASI MOJA YA MAEGESHO KWA MTU MWENYE ULEMAVU. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtoto na dereva wa mzee (jina), mteja wenu wa siku nyingi, anayetumia kiti mwendo. Tunafika kwenu mara mbili kwa mwezi, asubuhi. Ili ashuke kwa usalama tunahitaji nafasi yenye upana wa mita 3.6, sehemu tambarare. Tunapendekeza nafasi ya mwisho upande wa kushoto, karibu na ukuta, kwa kuwa pembeni yake pako wazi na haitapunguza nafasi za wateja wengine. Tunaomba ichorwe alama, liwekwe bango, na walinzi wajulishwe. Nimeambatanisha cheti cha daktari na barua ya Ustawi wa Jamii. Natanguliza shukrani."

Peleka nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe. Rudi baada ya wiki mbili, bila ugomvi, na nakala mkononi. Bango lisimame juu kama mita 1.5 kutoka chini, alama ya sakafuni peke yake ikishakaliwa na gari haionekani tena. Na wakikwambia watafunga mnyororo ili watu wasipaki, waombe watumie koni na mlinzi wa kuiondoa, maana mwenye ulemavu anayejiendesha mwenyewe hawezi kushuka akafungue mnyororo halafu apande tena.

Kanisani hakukuhitaji barua, niliongea na mzee wa kanisa baada ya ibada, Jumapili iliyofuata vijana wa kwaya walikuwa wamepaka chokaa.

HATUA YA 6: USHURU WA BARABARANI

Nafasi ya kupaki na ushuru wa kupaki ni vitu viwili tofauti, usivichanganye. Siku hizi yule dada wa ushuru anaingiza namba ya gari kwenye mashine, deni linakaa kwenye namba ya gari, unalipa kwa kontro namba kwa M-Pesa au Airtel Money au benki. Mashine inasoma namba ya gari, kadi yako ya kioo haiioni. Kwa hiyo ukiona ameandika usimfokee, yeye anafanya kazi yake na kila gari anatakiwa aliingize. Kama unataka kuomba msamaha wa ushuru, uombe kwa maandishi kwa aliyeandikwa kwenye risiti yako kama mkusanyaji, utaje namba ya gari na uambatanishe zile karatasi, na mpaka upate jibu la maandishi endelea kulipa. Deni unaweza kuangalia kwa kupiga *152*00# na kufuata menyu, mimi naangalia kila Ijumaa jioni ili lisirundikane.

Unachoweza kumwomba yule dada palepale ni kukulindia upande wa kushoto. Msalimie, mwonyeshe mzee, mwambie utatumia dakika nne. Tunayekutana naye pale Uhindini siku hizi akiona gari yetu anasogea mwenyewe na kusimama pale pembeni.

KUITUMIA SASA

Kadi ni ya mtu, sio ya gari. Baba akiwa nyumbani, kadi inatoka kwenye kioo na mimi napaki mbali kama wengine. Shemeji yangu aliwahi kuchukua gari akaenda nalo mjini akapaki kwenye nafasi ileile tuliyoiombea barua, kadi iko kiooni, mzee kalala nyumbani Iyunga. Nilimweleza kwa upole lakini kwa ukali wa maneno, maana mlinzi akikuona mara moja unashuka mzima unakimbia, siku mzee yupo kweli hatakuamini, na hatamwamini yule mwingine mwenye magongo anayekuja baada yako.

Kuna ofisi moja hapa mjini walituchorea vizuri kabisa, mistari ya mshazari pembeni na kila kitu, tukafika asubuhi tukakuta bodaboda mbili zimesimama juu ya ile mistari. Mlinzi anaangalia pembeni. Baba akasema turudi nyumbani. Nikashuka, nikawasalimia wale vijana, habari za kazi wadogo zangu, nikawaomba waje waone jambo. Nikafungua mlango, nikamtoa baba kwenye ubao mbele yao polepole, huku pikipiki zao zimesogezwa. Mmoja akasema, "Kumbe michoro hii ndo kazi yake? Sisi tulijua ni ya watu wa miguu wapite." Alikuwa anasema kweli kabisa, hakuna aliyewahi kumwambia. Sasa hivi yeye ndo anafukuza wenzake pale. Kwa hiyo kabla hujapaza sauti onyesha, watu wakiona kiti kinavyoingia pale wanaelewa kuliko bango.

Akikataa mtu kabisa na mlinzi hasaidii, usimshushe mgonjwa kwenye nafasi finyu ili kumaliza ubishi. Zunguka, mshushe mahali pana hata kama ni mbali, halafu rudi peke yako na barua yako yenye mhuri wa kupokelewa umwone aliyeipokea.

MITARO, MTEREMKO NA MVUA

Huku kwetu lazma uongeze akili kidogo. Tunaendesha kushoto, abiria wa mbele anashukia kushoto, na kushoto mara nyingi ndo kuna mtaro, tena mitaro ya kina maana mvua yetu inaanza Novemba inaenda mpaka Aprili au Mei. Ukipaki kandokando ya barabara mlango unafunguka juu ya mtaro na kiti hakina pa kukaa. Tafuta pale penye slabu inayovuka mtaro, kwa kawaida mbele ya geti, omba mwenye geti dakika tano, weka mlango wa mgonjwa katikati ya slabu. Kama mwenye ulemavu ndo dereva, yeye anashukia kulia upande wa magari yanayopita, huyo kandokando ya barabara hapamfai kabisa, atafute paking ya ndani.

Mteremko ndo adui wa kimya. Mbeya mjini ukitoka Uhindini kupandisha kuelekea Loleza pananyooka kwa macho tu, kiti kinajua ukweli. Mimi natembea na mawe mawili ya ukubwa wa ngumi kwenye buti, nikisimama penye wasiwasi yanaingia chini ya magurudumu madogo ya mbele ya kiti. Kipindi cha mvua usipaki kwenye udongo hata kama ni karibu, gurudumu la mbele likizama mtu anaruka mbele. Weka kipande cha turubai cha kufunika siti ya kiti mkiwa mnasubiri, kukalia maji kwa mwenye sukari ni mwanzo wa kidonda. Na Juni, Julai, asubuhi zile za baridi kali, mikono inakufa ganzi na aliyepata kiharusi upande wake unakakamaa, mpe dakika mbili za kusugua mikono ndani ya gari kabla hamjaanza.

Safari ndefu, sisi tunakwenda Iringa kwa shangazi. Simama Makambako na Mafinga, chagua sheli yenye zege tambarare, simama mbali na pampu, na hata kama hashuki ajinyanyue kwenye siti kila baada ya nusu saa ili damu ipite. Shangazi anakaa Gangilonga na ukifika tu kabla ya "kamwene", salamu ya Kihehe, ameshatoka kusogeza vyungu vya maua kwenye barabara yake ya kuingilia, alipima mwenyewe kwa kamba aliyoikata kwa kipimo cha kiti. Ukiwa Iringa pita Neema Crafts, wako tangu 2003 na waliopo kazini pale ni watu wenye ulemavu, baba alikaa na fundi mmoja lisaa lizima wakilinganisha viti.

Kama hamna gari, haya yote yanatumika kwa bajaji, tena bajaji haina mlango wa kukubana. Pata dereva mmoja wa kudumu, mfundishe ubao, mpe kopi ya barua ya Ustawi akae nayo, na mkubaliane mahali pa kushushia kabla hamjaondoka nyumbani.

KILA JANUARI

Walinzi wanabadilika, mameneja wanahamishwa, rangi inafutika. Kila Januari napita sehemu zetu nne na futi, napima upya, naangalia bango bado limesimama, najitambulisha kwa mlinzi mpya na kumwachia kopi ya barua. Mwaka huu moja ilikuwa imepungua mpaka mita 3.1 kwa sababu waliweka tangi la maji pembeni, tukahamishiwa upande wa pili karibu na ukuta. Futi inakaa kwenye dashibodi, pamoja na barua, chini ya miwani ya baba.